Maombi ya kazi ng'ambo yanapokwama: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Mtu anayeandika moja kwa moja kwa waajiri wa nje ya nchi, bila kupitia kwa wakala, kwa kawaida hulalamika kwa sentensi moja tu: nimetuma maombi mengi na sijapata kitu. Malalamiko hayo hayatoshi kumsaidia, kwa kuwa ombi linaweza kukwama kabla halijasomwa na binadamu yeyote, linaweza kukwama mezani kwa msomaji, linaweza kukwama baada ya usaili kwa sababu ya karatasi, na linaweza pia kukubaliwa kwa haraka ya kutia shaka, jambo ambalo ni baya kuliko kukataliwa. Kinachosaidia ni kutazama jibu lilikuja lini, lilisema nini na lilikoma wapi, kisha kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mifano mingi hapa chini ni ya wauguzi na mafundi wa Tanzania na Kenya wanaoandika Uingereza na Ujerumani, kwa sababu masharti ya nchi hizo yamechapishwa na mtu anaweza kuyahakiki akiwa nyumbani kwake. Nchi za Ghuba zina utaratibu wao, nao utatajwa mahali pake.

Dalili: unakataliwa ndani ya dakika au saa chache

Jibu linalokuja upesi namna hiyo halikuandikwa na mtu. Fomu nyingi za maombi za Uingereza zina swali linalouliza kama tayari una haki ya kufanya kazi nchini humo au utahitaji kudhaminiwa viza, na mwajiri asiye na leseni ya kudhamini hupanga mfumo wake umwondoe kila anayejibu kwamba atahitaji. Tatizo hapa halimo katika CV yako, na kuiandika upya mara kumi hakutabadilisha chochote. Wapo wanaoshauri kulijibu swali hilo kwa uongo ili ombi lipite. Ushauri huo ni wa kipuuzi, kwa sababu ukweli utajulikana siku ya kwanza ya kukaguliwa hati, na mwajiri ambaye angeweza kukudhamini atakuwa amekwisha kukuona kuwa mtu asiyeaminika.

Uhakiki wake ni rahisi na haulipiwi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza huchapisha kwenye tovuti ya serikali orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi, na orodha hiyo husasishwa mara kwa mara. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa barua, tafuta jina la mwajiri humo. Zingatia kwamba orodha hutumia jina la kisheria la kampuni, ambalo mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye bango la hoteli au karakana. Jina hilo la kisheria hupatikana chini kabisa ya tovuti ya kampuni, au katika daftari la makampuni la Companies House, ambalo pia lipo wazi kwa kila mtu. Tazama vilevile daraja lake: mwenye daraja A anaweza kutoa hati za udhamini, ilhali aliyeshushwa hadi daraja B haruhusiwi kutoa hati kwa wafanyakazi wapya mpaka arekebishe kasoro zake.

Hata mwenye leseni hawezi kudhamini kila kazi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kazi nyingi zinazodhaminiwa ni zile za ngazi ya shahada, na kima cha chini cha jumla cha mshahara kimepandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka, isipokuwa kwa makundi kadhaa, yakiwamo ya afya na elimu, ambayo yana viwango vyake. Tarehe hiyohiyo mlango wa kuajiri wahudumu wa kutunza wazee kutoka nje ulifungwa. Kwa hiyo aliyeko Mwanza au Kisumu akiandikia nyumba za wazee leo anaomba kitu ambacho mwajiri hana uwezo wa kisheria wa kumpa, na anayemwahidi nafasi hiyo kutoka hukohuko ng'ambo anastahili kutiliwa shaka kubwa.

Kanada tatizo hili hujitokeza kwa sura nyingine. Huko mara nyingi mwajiri hulazimika kwanza kupata idhini ya serikali inayoitwa LMIA, ambayo humgharimu dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na sheria inamkataza kumtwisha mfanyakazi gharama hiyo. Tovuti ya serikali ya Job Bank ina sehemu maalumu ya nafasi ambazo waajiri wake wako tayari kupokea waombaji walio nje ya nchi. Anza hapo, badala ya kuandikia kila tangazo unaloliona.

Dalili: kimya kitupu, wiki baada ya wiki

Hii ndiyo dalili ya wengi, na visababishi vyake ni vingi kuliko vya dalili nyingine yoyote.

Anza kwa kuuliza barua ilikwenda wapi. Barua pepe iliyotumwa kwa anwani ya jumla ya kampuni, ikiwa na anwani nyingine arobaini za waajiri kwenye mstari wa wapokeaji, haihitaji maelezo zaidi. Ujerumani tangazo la kazi kwa kawaida hutaja jina la mtu wa kuulizwa, na barua isiyomtaja kwa jina huonekana kuwa imeandikwa kwa ajili ya kila mtu. Kama hakuna tangazo na unajiombea tu, ingia kwenye ukurasa unaoitwa Impressum, ambao sheria ya Ujerumani inazilazimisha tovuti za biashara kuwa nao: humo utakuta jina la mkurugenzi, anwani ya mtaa na namba ya usajili. Kampuni ya umeme yenye mafundi ishirini katika mji mdogo ina nafasi kubwa zaidi ya kuisoma barua yako kuliko kampuni ambayo jina lake linajulikana hadi Kariakoo.

Baada ya hapo soma aya yako ya kwanza kana kwamba wewe ndiye mwajiri. Barua nyingi zinazoandikwa kwetu huanza hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mcha Mungu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote na bila kusimamiwa, na ninaomba kazi yoyote itakayopatikana katika kampuni yako tukufu." Mwombaji hajasema uongo, lakini hajamwambia mwajiri jambo hata moja analoweza kulitumia. Maneno "kazi yoyote" ndiyo yanayomponza zaidi, kwa sababu viza hutolewa kwa kazi fulani yenye jina, na mwajiri asiyejua akuombee viza ya kazi gani hawezi kuendelea hata akitaka. Linganisha na mwanzo huu: "Naomba nafasi ya muuguzi wa wodi ya upasuaji iliyotangazwa tarehe 3. Nimesajiliwa kuwa muuguzi nchini Tanzania tangu mwaka 2018, nimefanya kazi miaka mitano katika wodi ya upasuaji ya hospitali ya rufaa ya mkoa, nimefaulu mtihani wa kompyuta wa baraza la wauguzi la Uingereza na mtihani wa Kiingereza wa OET, na nitahitaji udhamini wa viza." Sentensi mbili, na msomaji amekwisha kujua kama aendelee.

Hospitali za umma za Uingereza zina jambo la ziada ambalo waombaji wetu wengi hawalijui. Kila tangazo huambatana na waraka wa sifa za mwombaji, uliogawanywa katika sifa za lazima na sifa za ziada, na wanaochuja maombi huyapa alama kwa kuupitia waraka huo kipengele kwa kipengele. Maelezo binafsi yaliyoandikwa kwa ufasaha lakini hayagusi vipengele hivyo hupata alama ndogo. Yale makavu yanayokitaja kila kipengele cha lazima na kukiwekea ushahidi wa kazini hupita. Fungua waraka huo pembeni, uandike ukifuata mpangilio wake, na usiruke kipengele kwa kudhani kwamba CV imekwisha kukieleza. Tuma mapema vilevile, kwa kuwa matangazo mengi hufungwa kabla ya tarehe iliyotajwa pindi maombi yakizidi.

CV nayo ina desturi za nchi. Uingereza, Kanada na Marekani hazitaki picha, dini, kabila, hali ya ndoa wala tarehe ya kuzaliwa, vitu ambavyo bado vimo katika CV nyingi za kwetu. Ujerumani picha bado ni kawaida ingawa si lazima, na msomaji wa huko hutafuta kwanza mapengo: kama kati ya Machi 2020 na Januari 2021 ulikuwa unamuuguza mzazi au ulikuwa shambani, liandike hilo kwa mwezi na mwaka, kwa maana pengo lisiloelezwa huwapa wasiwasi kuliko ukweli wenyewe. Kila mahali, andika namba ya simu ikianza na +255 au +254. Namba inayoanza na sifuri haipigiki kutoka nje, na hakuna mwajiri atakayekaa kutafuta msimbo wa nchi yako.

Kisha kuna viambatisho. Picha tisa za vyeti zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda, kivuli cha mkono kikiwa kimefunika muhuri, humfikia mwajiri zikiwa mafaili tisa yenye majina ya namba tupu. Peleka vyeti kwenye duka la steshenari, vipigwe skani vizuri, viunganishwe kuwa faili moja la PDF lisilozidi megabaiti tano, na faili hilo lipewe jina lako pamoja na jina la kazi. Gharama yake ni ndogo kuliko bando la kutuma ombi lilelile mara ya pili.

Kwa Ujerumani, kimya kinaweza kutokana na jambo moja zito: utambuzi wa taaluma. Huko mwajiri hahitaji leseni ya kudhamini, lakini anahitaji kujua kama cheti chako kinatambuliwa. Fundi umeme ambaye cheti chake kinaangukia upande wa viwanda hupeleka maombi ya utambuzi katika ofisi ya IHK FOSA iliyoko Nuremberg. Wa upande wa ufundi wa mikono hupeleka kwenye chemba ya mafundi. Muuguzi hupeleka katika mamlaka ya jimbo. Barua isiyotaja kabisa suala hili humwachia mwajiri kazi ya kulichunguza mwenyewe, naye huiweka kando. Tangu Machi 2024 ipo njia inayomruhusu mtu mwenye mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yake, Kijerumani cha ngazi ya A2, yaani cha msingi, na mkataba wa kazi, kuingia kwanza na kukamilisha utambuzi akiwa kazini. Waajiri wengi wadogo hawaijui njia hiyo, kwa hiyo ni busara kuieleza kwa aya moja fupi ndani ya barua yako. Kuhusu lugha, sema ngazi uliyo nayo kwa cheti, cha Goethe-Institut ya Nairobi au ya Dar es Salaam kwa mfano, na usitume barua ya Kijerumani safi iliyotengenezwa na programu ya kutafsiri ilhali huwezi kujibu simu ya dakika tatu. Simu hiyo itapigwa.

Dalili: mwajiri anasema haajiri kutoka nchi yako

Muuguzi wa Tanzania anayepata jibu hili kutoka Uingereza hudhani amebaguliwa. Mara nyingi chanzo ni mwongozo wa maadili wa kuajiri wahudumu wa afya, unaofuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu, ambayo Tanzania, Uganda na Burundi zimo. Nchi hizo huwekwa katika kundi jekundu, maana yake mwajiri na wakala hawaruhusiwi kwenda kutafuta watu huko, kuwatangazia wala kuwashawishi. Lakini mwongozo huohuo unamruhusu mwajiri kumpokea mtu aliyeliona tangazo mwenyewe na kuomba mwenyewe, bila mtu wa kati. Kwa maneno mengine, kwa muuguzi wa Dodoma ombi la moja kwa moja ndilo lililo halali, na wakala anayemwambia kwamba bila yeye haiwezekani anaipindua kanuni juu chini. Andika hivyo katika barua kwa sentensi moja: kwamba umeliona tangazo kwenye tovuti fulani na unaomba kwa hiari yako bila wakala yeyote. Afisa ajira mwenye hofu ya kuvunja mwongozo anahitaji sentensi hiyo kwenye faili lake.

Kenya iko katika kundi jingine: kuajiri wahudumu wa afya kutoka huko kunapaswa kufuata makubaliano ya serikali mbili yaliyotiwa saini mwaka 2021, kwa hiyo Mkenya aanze kwa kuuliza wizara yake ya afya nafasi hizo zinatangazwa wapi.

Dalili: umeombwa vyeti au wadhamini, halafu mambo yakasimama

Hapa mwajiri alikwisha kukutaka, na kinachomzuia ni karatasi. Kosa linaloongoza ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, leseni ya taaluma inasema Mohammed, pasipoti ina majina matatu na cheti cha chuo kina mawili, tena yamepinduliwa. Kwetu tofauti hizo hazimshangazi mtu. Kwa anayehakiki vyeti Manchester au Leipzig hao ni watu wawili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Panga hati zako zote mezani, pasipoti ikiwa juu, ulinganishe herufi kwa herufi kabla hujaomba kazi yoyote. Penye tofauti, anza mapema utaratibu wa kisheria wa kuthibitisha au kurekebisha jina, au umwombe aliyetoa cheti akirekebishe; ukianza baada ya mwajiri kuuliza, nafasi itakuwa imekwenda kwa mwingine.

Kosa la pili ni wadhamini, yaani watu wa kukushuhudia. Hospitali za umma za Uingereza hutaka taarifa za kazi za angalau miaka mitatu iliyopita, zitoke kwa waajiri wenyewe, na kwa anwani rasmi ya taasisi. Muuguzi mfawidhi anayetumia anwani yake binafsi ya Gmail, hata kama anakusifu kwa moyo wote, hutiliwa shaka. Zungumza naye kabla ya kumwandika jina, ujue kama ofisi ina anwani ya barua pepe inayofanya kazi na nani huifungua, kwa sababu barua ya kuulizia habari zako inaweza kukaa humo mwezi mzima bila kusomwa. Ujerumani hutazamia barua inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza, majukumu na vifaa ulivyotumia; ile yetu ya "namfahamu na namtakia kila la heri" haihesabiki.

Dalili: umeitwa usaili wa video, ukaukosa au ukaharibika

Mara nyingi ni saa. Afrika Mashariki haibadilishi saa, Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Saa 10:00 asubuhi ya London ni saa saba mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa sita mchana wakati wa kiangazi. Ya Berlin ni saa sita mchana na saa tano asubuhi. Jibu mwaliko kwa kutaja saa zote mbili, ya kwao na ya kwako, kwa tarakimu za saa ishirini na nne, na usiandike kabisa saa ya Kiswahili. Umeme na mtandao vina dawa inayojulikana: simu iliyojaa chaji, laini ya pili ya kampuni nyingine, na namba ya mwajiri mkononi ili umjulishe mara moja ukikatika.

Dalili: umekubaliwa kwa haraka mno

Barua ya kuajiriwa iliyofika bila usaili, kwa anwani ya barua pepe isiyo ya kampuni, ikitaja mshahara mkubwa kwa kazi isiyohitaji ujuzi na kumalizia na ada ya "kushughulikia viza" itakayotumwa kwa simu kwa mtu binafsi, haihitaji uchunguzi mrefu. Ngumu zaidi ni ile inayotumia jina la kampuni ya kweli. Usijibu barua hiyo wala usipige namba iliyomo. Tafuta mwenyewe tovuti ya kampuni, uchukue simu iliyoko humo, uulize kama nafasi ipo. Fahamu pia kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inawakataza mawakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, na kwamba mwajiri wa huko haruhusiwi kukusukumia gharama za leseni yake ya udhamini.

Ahadi ya "ingia kwa viza ya matembezi, tutaibadilisha ukifika" ni hatari kuliko ada yenyewe. Falme za Kiarabu tangu 2024 humtoza mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali faini ya kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja, na mwajiri anayekimbia faini ya namna hiyo humtupa mfanyakazi kwanza. Ujerumani ipo njia halali ya kuingia kutafuta kazi, Chancenkarte, lakini ina masharti yake ya alama na ya fedha za kujikimu, ambazo kwa mwaka 2025 zilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, na huombwa ubalozini kabla ya safari.

Kwa kazi za nyumbani katika Ghuba, msimamo wangu ni kinyume na wote uliotangulia: usimwandikie mwajiri moja kwa moja. Saudi Arabia huendesha mikataba ya kazi hizo kupitia mfumo wa Musaned, na nchi zetu zina vyombo vya kuhakiki mawakala, TaESA kwa Tanzania na NEA kwa Kenya. Binti anayekwenda kwa makubaliano ya simu na familia asiyoijua hana mkataba uliosajiliwa popote, na siku akinyimwa mshahara ubalozi hauna pa kuanzia. Hata nafasi inayoletwa na shangazi aliyeko Maskati iulizwe swali moja: jina la kazi lililo kwenye mkataba ndilo litakaloandikwa kwenye viza? Aliyeahidiwa kazi ya dukani kisha akaona viza ya mtumishi wa nyumbani amepata jibu lake kabla ya kupanda ndege.

Dalili: mkataba upo, safari haiji

Kuchelewa miezi kadhaa ni kawaida. Mwajiri wa Ujerumani aliye tayari kusaidia anaweza kuomba utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi katika ofisi ya wageni ya mji wake, ambao ada yake ni euro 411. Muulize kwa adabu kama amefikiria kufanya hivyo, kwa kuwa ni yeye anayepaswa kuanzisha ombi akiwa na idhini yako ya maandishi. Andika kila baada ya wiki tatu au nne barua fupi inayotaja hatua iliyokamilika na inayosubiriwa, wala usiandike kila siku kuuliza "vipi, bado?"

Na usiache kazi uliyo nayo kwa sababu ya barua ya ahadi. Sheria ya ajira ya Tanzania na ile ya Kenya zote zinampa mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa kwa mwezi muda wa notisi wa siku 28, isipokuwa mkataba wake useme vingine, kwa hiyo mwambie mwajiri mpya tangu mwanzo kwamba utahitaji wiki nne kuanzia siku viza itakapotoka, ili tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye mkataba izihesabu wiki hizo.